Mutu asiyehukumiwa bado: historia ya kifungo cha kungojea hukumu katika Ufaransa



Mutu anakamatwa leo. Shauri lake litakatwa kisha miezi sita, ao mwaka, ao miaka miwili. Katika siku zile zote za katikati, yeye ni nani? Si mwenye kosa, kwani hakuna mwamuzi aliyekata shauri lake. Lakini si mutu huru vilevile, kwani mulango anaolala nyuma yake unafungwa na mutu mwingine. Je, wamuweke gerezani, asikimbie? Ao wamuache nyumbani, kwa vile hajahukumiwa?

Sheria ya kila inchi inapashwa kujibu ulizo hili. Tumechagua kuangalia inchi ya Ufaransa, kwa sababu mbili. Kwanza, Wafaransa wamegeuza sheria yao juu ya neno hili mara nyingi sana, na kila mageuzi yana tarehe yake na sababu yake. Mutu anaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Pili, sheria ya mashitaka inayofuatwa kwetu Kongo ilitoka Ubelgiji. Na ile ya Ubelgiji ilitoka Ufaransa, kwani inchi ile ilikuwa chini ya Wafaransa tangu 1795 mpaka 1814. Basi, tukisoma habari hizi, tunasoma habari za babu wa sheria yetu.

1. Gereza la zamani

Ulpianus, mwanasheria wa Roma, alifundisha kwamba gereza limewekwa kwa kushika watu, si kwa kuwaazibu. Ufaransa ya wafalme ilifuata neno hili. Azabu zilikuwa nyingine: kifo, kuvuta makasia katika mashua za mufalme, kufukuzwa inchini, fimbo, faini. Katika gereza walikaa zaidi watu wa namna mbili: wenye madeni, na wale waliongojea hukumu. Ni kusema, wengi wa wafungwa walikuwa watu wasiohukumiwa bado.

Tena tujue ginsi uchunguzi wa mashauri ulivyoanza. Zamani watu wa Ulaya walitafuta ukweli kwa majaribu ya moto na maji, karibu sawa na mwavi wa babu zetu. Katika mwaka 1215 Mutaguso wa Laterano wa nne, chini ya Papa Inosenti III, ulikataza mapadri kubariki majaribu yale. Mutaguso ule uliweka pia kanuni za uchunguzi: mwenye kushitakiwa aambiwe makosa anayowekewa, aambiwe hata majina ya mashahidi, apate kujitetea.

Wafalme wa Ufaransa walichukua njia ile ya uchunguzi, lakini kinga yake wakaiacha. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, chini ya mufalme François I, ilifanya uchunguzi kuwa jambo la siri, nayo ilimunyima mushitakiwa avoka. Kisha mufalme Louis XIV akatoa amri kubwa ya mwaka 1670, iliyofuatwa kwa miaka zaidi ya 100. Amri hii iliweka daraja tatu. Kwa kosa ndogo, mutu aliitwa tu aje asikilizwe. Kwa kosa kubwa kidogo, aliitwa kufika yeye mwenyewe mbele ya mwamuzi. Kwa kosa zito, mwili wake ulikamatwa na kuwekwa gerezani. Ile daraja ilikuwa jambo la akili: si kila mutu alifungwa. Lakini yule aliyefungwa alikuwa peke yake. Aliapishwa kusema kweli juu ya kosa lake mwenyewe, na kwa makosa mazito hakuwa na avoka. Lamoignon, mukubwa wa waamuzi wa Paris, alisimama kukataza mambo haya mawili walipokuwa wakiitengeneza amri. Hakusikilizwa.

2. Nyumba ya Calas

Tutoe mufano mumoja, tuone sheria ile ilivyofanya kazi.

Katika muji wa Toulouse aliishi muuza nguo jina lake Jean Calas, mutu wa miaka 63. Alikuwa Muprotestanti, katika inchi ambamo Waprotestanti hawakuwa na haki ya kusali kwa wazi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761, mwana wake Marc-Antoine alikutwa amekufa ndani ya duka. Watu wakakusanyika mbele ya mulango. Mumoja akapaza sauti: baba yake amemuua, kwani alitaka kuwa Mukatoliki. Sauti hii ilitosha. Usiku ule ule wakakamatwa wote waliokuwa nyumbani: baba, mama, mutoto mwingine Pierre, kijana mugeni aliyekuja kula nao, hata mutumishi wao mwanamuke, naye alikuwa Mukatoliki.

Wakawekwa mbalimbali, kila mumoja katika chumba chake. Kwanza walisema kwamba walimukuta kijana ameuawa. Kisha wakasema kweli yao: walimukuta amejinyonga, nao walitaka kuficha haya ile, kwani maiti ya mutu aliyejiua ilikokotwa katika njia za muji. Waamuzi wakahesabu kugeuka huku kwa maneno kama alama ya kosa. Hata katika makanisa kulisomwa tangazo la kuomba ushuhuda, nalo lilikuwa limeandikwa kama vile kosa limekwisha kujulikana. Yafaa sisi tusilisahau neno hili.

Kisha miezi mitano ya kifungo, tarehe 10 Machi 1762, Jean Calas alivunjwa viungo na kuuawa. Mpaka mwisho alisema hana kosa. Voltaire, mwandishi mwenye sifa, alianza kuandika juu ya shauri hili, na tarehe 9 Machi 1765 waamuzi wa mufalme walitangaza kwamba Calas hakuwa na kosa. Heshima yake ilirudi. Yeye mwenyewe hakurudi.

Tuangalie vizuri. Siyo mashini ya kuulia peke yake iliyomuua Calas. Kazi ilianza usiku wa kwanza. Kwa watu wa Toulouse, nyumba nzima kupelekwa gerezani ilikuwa kama hukumu, na waamuzi walipata kazi ngumu ya kusema kwamba walikuwa wamekosa. Ndiyo hatari ya kwanza ya kifungo cha kungojea hukumu: kinawazoeza watu wote, hata mwamuzi, kumuona mutu kama mwenye kosa.

Pembeni ya waamuzi ilikuwako njia nyingine mbaya zaidi: barua za mufalme zenye muhuri, Wafaransa walizoziita lettres de cachet. Kwa barua moja mutu aliwekwa gerezani pasipo mashitaka, na mwisho wa kifungo chake ulijulikana na mufalme tu.

3. Neno zuri, na woga

Mwaka 1789 Wafaransa wakapindua mambo. Tarehe 26 Agosti walitangaza Haki za Mutu. Tangazo hili linasema kwamba kila mutu ahesabiwe kuwa hana kosa mpaka ahukumiwe. Na kama ni lazima kumukamata, sheria ikataze kwa nguvu ukali wote usiohitajiwa kwa kumushika. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule mushitakiwa alipata ruhusa ya kuwa na avoka, na hakuapishwa tena. Mwezi wa Machi 1790 barua za muhuri zikaondolewa. Sheria ya Septemba 1791 iliruhusu washitakiwa wengine kungojea hukumu nyumbani, kama walitoa dhamana ya pesa.

Ilidumu muda gani? Tarehe 17 Septemba 1793, wakati inchi ilipopigana na maadui wa inje na wa ndani, ikaja sheria juu ya watu wenye kutuhumiwa. Haikuhitaji tena mutu awe ametenda kosa. Mwenendo wake, marafiki wake ao maneno yake yalitosha. Wanahistoria wanahesabu waliofungwa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 10 Juni 1794 sheria nyingine ikaondoa avoka mbele ya tribunali ya Mapinduzi ya Paris, ikaacha hukumu mbili tu: kuachiliwa ao kufa. Na wenye kuandika sheria hizi walikuwa watu waliojua sana Tangazo la 1789.

Tulishike jambo hili, kwani tutalikuta tena: Wafaransa waliandika sheria ya huruma siku za matumaini, wakaifuta siku za woga.

4. Ufunguo mukononi mwa mumoja

Napoleon alitaka utaratibu. Kitabu chake cha sheria ya mashitaka kilitolewa mwaka 1808, kikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1811. Ndicho kilichofuatwa katika Ubelgiji vilevile. Ndani yake tunamukuta mwamuzi wa uchunguzi. Huyu alifanya kazi mbili pamoja. Alitafuta ukweli wa shauri, na tena alishika ufunguo wa gereza.

Hapa ndipo hatari ya pili. Mwenye kuchunguza anataka mushitakiwa aseme. Kama ana ufunguo mukononi, kifungo kinageuka kuwa chombo cha kumusemesha. Haikuwa lazima kumupiga, ilitosha kungoja. Mwamuzi aliweza hata kukataza mufungwa asiongee na mutu yeyote wa inje. Teso la kutafuta maungamo lilikuwa limefutwa na mufalme Louis XVI mwaka 1780, lakini upweke na muda vilibaki.

Na sheria ya 1808 haikuwa sawa kwa tajiri na masikini. Aliyeshitakiwa kosa kubwa, lile la kupelekwa mbele ya tribunali kuu, hakuweza kuachiliwa hata kidogo. Aliyeshitakiwa kosa dogo zaidi aliweza kuomba kutoka kwa dhamana, lakini dhamana haikuweza kupungua franka 500. Kibarua angepata wapi franka 500? Na mutu asiye na makao alikatazwa kabisa.

Mambo yaligeuka polepole, sheria kwa sheria:

Tarehe 14 Julai 1865, chini ya Napoleon III, ikatoka sheria kwamba mushitakiwa mwenye makao yanayojulikana aachiliwe siku 5 kisha ya kuulizwa mara ya kwanza, kama azabu kubwa ya kosa lake haifiki miaka 2 ya kifungo. Hapa kutoka hakukuwa tena zawadi ya mwamuzi, kulikuwa haki.

Tarehe 15 Novemba 1892, sheria ikasema siku za kungojea zihesabiwe ndani ya azabu. Mpaka hapo, mutu aliyekaa gerezani miezi 6 akingoja, kisha akahukumiwa mwaka 1, aliweza kuanza mwaka ule mupya kama vile miezi 6 ile haikuwako.

Tarehe 8 Desemba 1897, avoka akaingia katika chumba cha mwamuzi wa uchunguzi. Tangu siku ile mushitakiwa hakuulizwa tena peke yake, na avoka alionyeshwa maandiko ya shauri siku moja mbele.

Kujua sheria hii ya 1897 ilikuwa na maana gani, tukumbuke jemadari mudogo Alfred Dreyfus. Alikamatwa tarehe 15 Oktoba 1894 kwa shitaka la kuuza siri za jeshi. Mwanzo alifungwa kwa siri. Mke wake alikatazwa kusema habari kwa mutu. Avoka wake hakuyaona maandiko ya shauri mbele ya mwezi wa Desemba, uchunguzi ulipokwisha. Tarehe 22 Desemba alihukumiwa. Miaka 12 ilipita mpaka tribunali kuu ya Ufaransa ilipotangaza, tarehe 12 Julai 1906, kwamba hakuwa na kosa. Kweli, shauri lake lilikuwa la jeshi, na wakubwa walitumia maandiko ya uongo. Lakini mutu aliyefungwa wiki saba pasipo musaidizi alikuwa amekwisha kushindwa mbele ya kuingia tribunali.

5. Kupanda na kushuka

Tusiwahesabu wenye kuogopa kuwa wajinga. Nao wana sababu. Mwaka 1927 mudanganyifu mumoja mukubwa, Alexandre Stavisky, aliachiliwa kungojea hukumu inje. Shauri lake liliahirishwa mara 19, naye akaendelea kuiba mali ya watu mpaka mwisho wa 1933. Katikati ya mambo hayo, tarehe 7 Februari 1933, bunge lilikuwa limetoa sheria nzuri ya kulinda uhuru wa mutu. Habari za Stavisky zilipotokea wazi, watu walikasirika, damu ikamwangika katika njia za Paris tarehe 6 Februari 1934. Tarehe 25 Machi 1935 bunge likarudisha nguvu ya zamani kwa mwamuzi wa uchunguzi. Sheria nzuri ilidumu miaka 2.

Kitabu kipya cha sheria ya mashitaka kilianza kutumika mwezi wa Machi 1959. Kinasema wazi: kifungo cha kungojea hukumu ni jambo lisilo la kawaida. Lakini kusema hivi hakutoshi, kama mwamuzi ana njia mbili tu: kufunga kabisa ao kuachilia kabisa. Mwenye kuogopa atafunga.

Kwa hiyo sheria ya tarehe 17 Julai 1970 ni ya maana sana. Ilifungua njia ya tatu katikati: ulinzi wa tribunali. Mushitakiwa anabaki nyumbani, lakini anawekewa masharti: asitoke katika sehemu fulani, afike polisi siku zilizowekwa, aache pasaporti yake, asikutane na watu fulani, ao atoe dhamana kwa kadiri ya mali yake. Akivunja masharti, anaweza kufungwa. Sheria ile ile iliruhusu pia kumulipa fidia mutu aliyefungwa, kisha akaonekana hana kosa. Na mwaka 2009 Wafaransa wakaongeza namna nyingine: mutu akae nyumbani na bangili ya elektroniki mguuni.

Hata hivyo wafungwa wa kungojea hukumu walibaki wengi. Mwaka 1992 tribunali ya Haki za Mutu ya Strasbourg iliihukumu Ufaransa katika shauri la Tomasi, mutu wa Korsika aliyengojea gerezani miaka 5 na miezi 7, kisha akaachiliwa kwa kuwa hana kosa.

Wanasheria waliona kwamba shida ni ule ufunguo. Mwaka 1985 na mwaka 1987 zikatoka sheria za kuuondoa mukononi mwa mwamuzi wa uchunguzi. Hazikutumika hata siku moja. Sheria ya Januari 1993 iliuondoa. Sheria ya Agosti ya mwaka ule ule ikaurudisha. Mwishoni, sheria ya tarehe 15 Juni 2000 ikafaulu. Tangu 1 Januari 2001 mwenye kuchunguza anaomba tu. Mwenye kukata ni mwamuzi mwingine, mwamuzi wa uhuru na wa kifungo.

6. Outreau

Tungependa historia iishe hapa. Haikuisha.

Katika mwaka 2001 watu wengi wa Outreau, muji mudogo wa kaskazini ya Ufaransa, na wa fasi za jirani, walianza kukamatwa kwa shitaka la kutendea watoto mabaya mazito. Watoto wengine walikuwa wametendewa mabaya kweli. Lakini uchunguzi uliongeza majina juu ya majina. Katika washitakiwa 17, watu 13 walionekana mwishoni hawana kosa: 7 mwaka 2004, na 6 waliobaki tarehe 1 Desemba 2005 mbele ya tribunali ya rufaa ya Paris. Wengi wao walikuwa wamekaa gerezani, wengine zaidi ya miaka 2. Mumoja alikuwa padri. Mutu mwingine, aliyeshitakiwa pamoja nao, alikufa gerezani mwaka 2002, hakuhukumiwa hata siku moja.

Na mwamuzi wa pili? Alikuwako. Avoka walikuwako. Neno «lisilo la kawaida» lilikuwa limeandikwa kitabuni. Bunge liliposikiliza wale waliofunguliwa, mwaka 2006, lilitambua kwamba waamuzi wengi, mumoja kisha mwingine, walikuwa wamesoma maandiko yale na kukubali kifungo kiendelee. Kila mumoja aliamini aliyemutangulia. Mwaka 2007 ikatoka sheria kwamba uchunguzi ufanywe na waamuzi watatu pamoja. Ikaahirishwa mara nyingi, na mwaka 2016 ikaachwa. Mpaka leo, katika magereza ya Ufaransa, kama robo moja ya wafungwa ni watu wasiohukumiwa bado.

Mwisho

Historia hii inatufundisha nini? Neno zuri katika sheria ni lazima, lakini peke yake halifungui mulango. Vitu vilivyowasaidia kweli wafungwa wa Ufaransa vilikuwa vidogo na vya wazi: siku zilizohesabiwa (1865, 1892), mutu wa kukaa karibu na mushitakiwa (1897), njia ya katikati badala ya gereza (1970), ufunguo mukononi mwa mwingine (2000). Na Outreau inaongeza jambo ambalo sheria haiwezi kuliandika: mwenye kushika ufunguo asome yeye mwenyewe, ajiulize yeye mwenyewe, kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Kitabu chetu cha sheria ya mashitaka katika Kongo, kilichowekwa kwa amri ya tarehe 6 Agosti 1959, kinasema vilevile kwamba kifungo hiki ni jambo lisilo la kawaida. Kinaweka siku 15, kisha mwezi kwa mwezi, na kila mara mwamuzi anapashwa kuulizwa upya. Sheria ipo. Anayeingia katika gereza kutembelea wafungwa, padri ao mulayiki, anaweza kumuuliza kila mumoja ulizo fupi: umehukumiwa? Akijibu hapana, amuulize la pili: siku ngapi? Familia ya Calas haikupata mutu wa kuwauliza vile katika miezi mitano.